Hoya Yenye Mimba

Mimi ni mtu wa ndani. Kwangu mimi, kutoka hapa Kasese kwenda Bwera, mpakani, ni safari ya kuombewa. Lakini usidhani nikiwa nyumbani natulia. Naketi, nakumbuka sufuria. Narudi, nakumbuka pazia. Marehemu mama alikuwa akisema kiti changu kina siafu.

Hoya yangu, ua la kutambaa, niliipata Bwera, nilikokwenda kutafuta kitenge. Mama mmoja Mkongomani alikuwa amezitundika barazani, juu ya vitenge vyake. Mara moja nikashika ile yenye maua.

"Wacha iyo," akasema. "Itaangusha yote mbele ufike Kasese. Kamata hii."

Hii ilikuwa na majani machache, manene kama ngozi ya kiatu, na kamba moja ndefu tupu, kitawi kisicho na jani. Nikauliza kama naweza kuikata ile kamba, ipendeze.

"Weye, mutu akikukata mukono wakati unatafuta mulango, utafurahi? Wacha itafute. Na ikianza kubeba maua usiigeuze. Iko na kasirani."

Nikaipakata hadi nyumbani. Maji kidogo, kopo dogo linalobana mizizi, dirisha la jua la asubuhi: hayo niliyaweza. Kutoigeuza ndiko kulikonishinda. Ilipotoa vitumba mara ya kwanza, niliizungusha ili wageni waione wakiingia. Wageni wenyewe ni fundi wa umeme. Vilidondoka vyote kabla hajaja.

Mwaka huu vikatoka tena, kishada kizima, kila kimoja kama kifungo cha shati la mtoto. Nikaapa kuweka mikono mfukoni. Nikawa naamka, natazama, naketi, naamka. Ndipo jirani yangu akaingia.

Jumamosi mkwe wake mtarajiwa, mchumba wa bintiye, alikuwa anakuja kujitambulisha. Kwetu shughuli ya jirani ni yako; viti vyangu, vitambaa vya meza na birika vilikuwa vimeshahamia kwake. Sasa alikuwa anakusanya maua ya kupamba hema.

"Hii ndiyo itakaa mbele ya wakwe," akasema, mikono tayari imenyooka.

"Jirani, hiyo haiendi. Ina mimba."

"Ina nini?"

"Mimba. Angalia vitumba. Ukiihamisha, inaharibu."

"Mimi nilibebwa na boda mpaka hospitali, tukiwa bado tunakaa Bwera, na mimba ya huyu huyu anayeolewa! Alidondoka?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sawa. Viti ni vya jirani, lakini maua ni ndugu yako." Akaondoka.

Kesho yake alipita dirishani bila kunisalimu. Nikalishika lile kopo, nikaliacha. Nikalishika tena. Nikiipeleka, vitumba vitamwagika mbele ya wakwe. Nisipoipeleka, nitaishi ukuta kwa ukuta na mtu aliyeninunia, nami, kwa vile siendi popote, jirani mwingine nitampatia wapi?

Ijumaa nikavuka kwake na malapa yangu.

"Bi harusi mnamficha wapi?" Maana binti haonekani mpaka aitwe.

"Chumba cha nyuma, na magunia ya mihogo. Wapishi wamejaa kote."

"Mleteni kwangu. Akae na maua."

Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa noti bandia. "Wewe? Watu ndani ya nyumba yako?"

"Harakisha, kabla sijajuta."

Nilijuta Jumamosi asubuhi. Waliingia shangazi, marafiki, mpaka rangi za kucha, pasi, poda. Shangazi mtu akataka kutundika gauni la gomesi kwenye ile kamba ndefu.

"Hapo hapana!"

"Ndiyo, afande!" akapiga saluti, na wote wakaangua kicheko.

Binti walimkalisha chini ya dirisha. Akaamka, akachungulia, akaketi, akaamka. Kila alipoamka nami niliamka, nikikilinda kishada na nywele zake. Tulikuwa kama makuruta wanaofundishwa gwaride.

"Mama, hii maua inaogopa nini?" akauliza.

"Kuhamishwa."

"Basi tuko wawili."

"Karusandara kwa wakwe zako si mbali," nikamwambia, mimi ambaye hata soko linanishinda. Alicheka mpaka shangazi akagomba kwamba poda inaharibika. Kisha nje wakaimba, wakamwita, akatoka. Kitumba kimoja kilikuwa sakafuni. Nikakisukuma chini ya mkeka kwa dole gumba la mguu.

Vingine vilifunguka wiki iliyofuata: nyota ndogo kama za nta, na harufu tamu inayozidi jioni. Jirani alirudisha viti na birika, kisha hakuondoka. Nyumba yake, alisema, bila binti ilikuwa na ukimya wa kijinga.

Tulikunywa chai. Akainamisha shingo huku, akainamisha kule.

"Imeangalia dirisha tu," akalalamika. "Igeuze kidogo, niione."

"Geuza kiti."

Akageuza.