Mstari wa Kijani kwenye Kadi ya Shirleen

Saa nane mchana, Jumamosi, Nthoki Nzomo ameketi kwenye stuli mlangoni mwa nyumba isiyo yake, ghorofa ya tano, mtaani Tassia. Ndani kuna keki na puto. Kila mtoto anayepanda ngazi anatoa kadi, Nthoki anaisoma, kisha anamruhusu aingie.

Anatafuta kadi moja tu.

Nthoki, 43, ana kibanda cha kutoa kopi chini ya jengo hili. Kwa miaka sita amewapa watoto wa fleti karatasi ya manila, gundi na kalamu za rangi, watengeneze wenyewe kadi za kualika wenzao kwenye bathdei. Kadi moja ni shilingi 30. Yeye hukata na kukunja. Maneno ni ya mtoto.

"Sikuwa nasahihisha," asema. "Mtoto akiandika 'kalibu', inabaki 'kalibu'. Wazazi walikuwa wanacheka, wanazibandika ukutani."

Jumatatu, Shirleen, anayetimiza miaka tisa leo, alitengeneza kadi kumi na mbili. Kibandani kulikuwa na foleni. Nthoki aliyasifu maua aliyochora, hakusoma maneno.

Jumatano jioni mzazi mmoja alimpigia simu Jecinta, mamake Shirleen, akamuuliza kama ameona alichoandika bintiye. Chini ya nambari ya nyumba, kwa kalamu ya kijani, palikuwa na mstari huu: "Kama hakuna mtu usirudi. Mama hutoka kazini saa moja. Ufunguo uko kwa sanduku la mita ya stima, ingia ungoje."

Mtoto alikuwa na sababu zake. Mwaka jana mama alichelewa, Shirleen akaenda kumngoja stendi, na wageni walipopanda walikuta kufuli, wakarudi kwao.

Jecinta hushona nguo kiwandani. Kila siku Shirleen hutoka shule saa kumi, hutoa ufunguo kwenye sanduku la mita na kujifungia ndani peke yake kwa saa tatu. Sasa jambo hilo limeandikwa mara kumi na mbili.

Usiku huohuo Jecinta na Nthoki walipita mlango kwa mlango. Kadi kumi na moja zilipatikana, Nthoki akakata mstari ule kwa makasi na kuwarudishia watoto. Ya kumi na mbili Shirleen alimpa msichana mpya mtaani, na hakujua anakoishi.

Kufuli ilibadilishwa, lakini Jecinta hakupata usingizi.

"Saa za kazi siwezi kubadilisha," asema. "Mtu akijua mtoto yuko peke yake, ufunguo ni wa nini? Atabisha tu. Na huyu wangu anapenda wageni."

Alhamisi, saa kumi na moja, mtu alibisha. Shirleen aliingia chini ya kitanda. Mlango ulibishwa tena, kisha nyayo zikashuka ngazi.

Saa tisa na robo leo, msichana mwembamba anasimama mbele ya stuli. Anasema anaitwa Habibo. Nthoki anafungua kadi yake. Mstari wa kijani upo.

Jecinta anaweka kisu cha keki chini.

"Nani alikusomea hii, mama?" Nthoki anamuuliza mtoto kwa upole.

Habibo anaeleza kwamba kwao nyumbani hakuna anayesoma Kiswahili, kwa hivyo aliuliza watu barabarani. Alikosea siku, akaja Alhamisi, akabisha, hakufunguliwa.

Jecinta anashusha pumzi. Anacheka kidogo, anamshika mtoto bega amwingize ndani.

"Ulikuja peke yako?" Nthoki anauliza.

"Nilikuja na yule kaka aliyenisomea."

"Kaka gani?"

Habibo anainua mabega. Hamjui jina. Anasema alikuwa mzuri, alimbebea begi, na kabla ya kushuka alifungua sanduku la mita akatazama ndani.

Shirleen anamvuta Habibo kwenye keki.

Nthoki anakata mstari, anautia mfukoni. Kuanzia sasa, asema, watoto wataendelea kuandika, lakini hakuna kadi itakayotoka kibandani kabla ya kusomwa kwa sauti. Kisha anaigonga stuli aliyokalia.

"Hii nashuka nayo. Kuanzia Jumatatu saa kumi Shirleen atakaa juu yake, kibandani kwangu, mpaka mamake afike. Nimwone yeye. Na huyo kaka akipita, Habibo anionyeshe, nimwone pia."