Mkanda wa Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sasa nimestaafu, na ugonjwa wangu ni kuuliza. Kanisani mhubiri akisema Mungu humtia nguvu mnyonge, wenzangu huitikia amina. Mimi hutaka kujua nguvu hiyo huingilia wapi, hukaa muda gani, na ikiisha huenda wapi. Mke wangu hunikanyaga mguu ninyamaze. Lakini nina sababu ya kuuliza, kwa kuwa niliwahi kuiona nguvu hiyo kwa macho yangu, au nilidhani nimeiona, katika shamba la wakwe zangu kule Kibirichia.

Nilikuwa na miaka miwili tu katika ndoa. Kwetu Meru, enzi zile, mume wa binti na mama mkwe waliheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mkono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja huacha njia hata kama pembeni ni miiba. Mimi na yeye wangu tulikuwa watu wa kanisa, tumeokoka na kubatizwa, lakini katika jambo hilo wokovu ulikuwa bado haujafika. Kwa miaka hiyo miwili sikuwa nimeuona uso wa mama mkwe vizuri. Nilimjua kwa kitambaa chake cha kichwani na kwa sauti yake nyuma ya mlango.

Jumamosi moja nilipanda kwenda kuwasalimu, nimevaa tai, mkononi sukari na majani ya chai. Sikuwa nimetuma habari, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilikuta boma limenyamaza. Watu wote wa kilima kile walikuwa wameenda kujenga kanisa, na hata wilbaro walikuwa wameichukua kubebea mawe. Nilikuwa nageuka kurudi niliposikia mtu akilia chini kwenye majani ya napia.

Alikuwa ni yeye, mama mkwe. Alibaki kuwakatia ng'ombe majani, panga likateleza likamkata muundini. Alikuwa ameketi kando ya mzigo alioufunga tayari kwa mkanda wake wa ngozi, ule ambao wanawake wetu huutia pajini mwa uso na kuacha mzigo uning'inie mgongoni. Damu ilikuwa imelowesha majani yote chini yake. Aliponiona alijifunika uso kwa leso.

"Mwalimu, usikuje hapa," akasema. "Enda uite watu."

Nikapiga kelele hadi koo likakauka. Ni kunguru tu walioniitikia. Nikafungua tai, nikamrushia, nikageuza kichwa huku akijifunga mguu mwenyewe. Damu ilipungua lakini haikukatika. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya pili, uteremke bondeni, uvuke kijito, upande tena. Kukimbia kuwaita watu kanisani na kurudi kungechukua saa nzima, na hata mimi nisiye daktari niliona kwamba saa nzima hana.

Hapo nikafanya jambo ninaloona haya kulisimulia. Nilipiga magoti kwenye tope nikaomba, na ombi langu lilikuwa, "Mwathani, Bwana wangu, tuma mtu mwingine." Nikangoja. Nikatazama njia ya juu, nikatazama njia ya chini. Hakuja mtu.

Nilipogeuka nilikuta mkanda uko miguuni pangu. Mzigo wa majani ulikuwa umefunguka na kutawanyika, na mama mkwe alikuwa ameegemea ukingo, uso kautupa upande wa pili. Nikadhani labda ameupiga teke kwa maumivu. Sikuwaza zaidi. Nilipiga moyo konde, nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa. Niliupitisha mkanda chini ya mapaja yake, nikautia pajini mwa uso kama nilivyomwona mama yangu akifanya maisha yake yote, nikasimama.

Mwanamume wa Meru habebi kwa mkanda. Hiyo ni kazi ya wanawake, na mtoto wa kiume akijaribu hata kwa mchezo huchekwa mpaka alie. Mimi nilibeba mama mkwe wangu kwa mkanda mchana kweupe, pumzi yake shingoni mwangu, na sikuanguka. Nilivuka kijito. Nilipanda mlima. Mama mkwe si mwembamba, Mungu anisamehe. Njia nzima hatukusemezana hata neno. Muuguzi alipomshona alisema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Wiki chache baadaye nilirudi kuchunguza. Nilienda kwenye stoo ya viazi, nikachagua gunia nililoona linakaribia uzito wake, nikaomba kwanza ili kipimo kiwe sawa, kisha nikatia mkanda pajini. Nilikwenda hatua tano. Shingo ilinigeuka siku tatu, na vijana wa stoo wana kicheko hicho hadi leo.

Basi nikauliza. Mchungaji alisema nguvu hutoka juu. Muuguzi alisema mwili ukiogopa hupata nguvu usiyoijua. Yote mawili niliyaandika kwenye daftari, na hakuna lililoniridhisha. Mtu mmoja tu angeweza kunijibu, na huyo sikuweza kumuuliza, maana alipopona tulirudia yetu ya zamani. Akiniona kwa mbali, anaingia shambani kwa jirani, akichechemea.

Miaka ikaenda. Akazeeka, mume wake akafariki, tukamleta kwetu. Hata hapo aliketi chumba chake nami changu, na pazia katikati. Jioni moja, mke wangu akimmenyea viazi, nilishindwa kuvumilia.

"Muulize mama yako," nikasema nikiwa upande wangu, "siku ile ya panga, alihisi nini? Alihisi nikipewa nguvu?"

Mke wangu aliuliza, ingawa mama alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie yeye alikuwa anatetemeka kama mbuzi," mama akasema. "Kule kijitoni alikaribia kutuangusha mara mbili. Kama kuna nguvu alipewa, ilikuwa kidogo."

Mke wangu akacheka. Mimi, nakiri, niliumia. Ushahidi wangu wa miaka yote!

"Mwambie pia," akaendelea, kisha akaacha kumtumia mjumbe. "Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeamua kufia pale. Kubebwa na bwana ya mtoto wangu, na mkanda, watu wakiona? Afadhali kaburi. Nikakuona umepiga magoti, nikajua wewe unaomba mtu mwingine akuje. Nikaomba na mimi. Niliomba tu mkono uweze kufungua mzigo na kukusukumia mkanda. Mkono ulikataa. Nikaomba tena, ukakataa. Mara ya tatu ukaenda."

Daftari lilikuwa magotini mwangu na kalamu mkononi, wala sikuandika kitu. Mara ngapi nilikuwa nimesimulia habari ile kanisani, na katika masimulizi yangu yote yeye alikuwa mzigo.

Nikasikia kiti kikilia. Pazia likatikisika, na mkono wake, mikunjo mitupu, ukatokea kwenye ukingo wa kitambaa.

"Nataka kutoka nje kidogo," akasema. "Huyu mtoto wangu ako na viazi mkononi. Kuja unisimamishe."

Nikainuka, nikaushika.