Sikio la Kushoto la Neema

Siku ile haijanitoka, mwanangu: risasi zililia kwenye kilima cha juu ya shamba letu, watu wote tukateremka mbio kuelekea barabara ya Mweso, na dada yangu Neema peke yake akapanda, akiifuata milio. Hakuwa jasiri, wala hakuwa na wazimu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na mwenye sikio moja husikia mlio bila kujua unatoka upande gani. Niliyeliua sikio hilo ni mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mchungaji wa ng'ombe huko Masisi. Kupe wakiingia ndani ya sikio la ng'ombe, niliyeitwa ni mimi. Nilikuwa na kipande cha waya wa seng'enge nilichokipinda ncha, na kupe walitoka. Majirani wakaniita dokta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa mno.

Neema alikuwa na miaka sita. Akipukuchua maharagwe, alijitia punje moja sikioni. Mama akasema, "Iache. Kesho asubui tutamupeleka ku dispensaire."

"Mama, mimi natoaka kupe mu masikio ya ngombe, nishindwe na haragi moja?"

Mama alipokwenda kuteka maji, nikaingiza waya. Neema alipiga yowe moja tu. Punje ilitoka, na damu nayo. Baadaye usaha, kisha upande ule ukawa kimya.

Papa Bahati, mzee mchinjaji wa kijiji, hakunipiga. Aliniita siku aliyochinja fahali, akapasua fuvu kwa shoka. Mfupa unaolinda sikio la ndani ni mgumu kama jiwe, ulimtoa jasho. Kisha akaniwekea kiganjani vifupa vitatu: kimoja kama nyundo, kimoja kama fuawe la mhunzi, cha tatu pete ndogo kuliko punje ya mtama.

"Hivi njo vinabebaka sauti," akasema. "Fahali mukubwa hivi, na vyake viko vidogo hivi. Vya mutoto je? Sema, dokta!"

Nikavirudisha vifupa kiganjani mwake.

"Sikio ya ngombe iko na njia murefu. Ya mutoto iko fupi, unafika mara moja. Tena ngombe anageuzaka sikio, hata swala ya Walikale anageuzaka. Muntu hapana. Muntu, Mungu alimupa mbili, njo ajue sauti inatoka wapi."

Nilidhani ananitisha tu. Miaka mingi baadaye, pale shambani, nilimwita Neema kwa nguvu zangu zote: "Neema, huku! Chini!" Alinisikia. Nilimwona akisimama, akageuza kichwa huku na huku, kisha akachagua kupanda; tangu siku hiyo hatujamwona, hai wala maiti. Mwanawe alikuwa mgongoni mwa mke wangu. Leo ananiita Papa.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akilia sikio usitie kitu humo, si waya, si unyoya wa kuku, si mafuta ya moto. Mpeleke kwa muganga wa dispensaire, hata kama ni mwendo wa nusu siku. Wala usimpige kofi la sikio. Na wakikusifu kwa kazi ya mnyama, usidhani umefuzu ya mtu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akuachie masikio yako mawili hadi uzeeni, akupe na mikono inayojua kungoja.

Mwaka huu mwindaji mmoja alifika kutoka Walikale. Alisema katika kijiji fulani cha msituni kuna mama asiyesikia upande mmoja. Nikamuuliza ni upande gani. Hakukumbuka.