Wimbo wa Kunyweshea Ng'ombe

Juzi huko Minjila, mzee mmoja mfugaji aliwaimbia ng'ombe wake wimbo wa kunyweshea, ule wa babu zake, ili waje kwenye hori la maji. Hawakusogea.

"Wamezoea binti yangu," akaniambia. "Likizo yote ameimbia hawa nyimbo za ile bendi yake ya roki. Kelele tupu. Nilikataza kila siku mpaka akarudi shule."

Akatazama huku na huku, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, akaimba roki hiyo, beti na kibwagizo. Ng'ombe wakaja.

"Mzee, maneno yote hayo umeyajulia wapi?"

"Nilikuwa nasikiliza tu. Hiyo usiandike."

Aniwie radhi. Bintiye yuko bweni, anaamini babake anazichukia nyimbo zake, na gazeti hili hufika maktaba ya shule.