Mlango Haukuwa na Kosa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, baba yako Faustini amepiga magoti sebuleni, randa mkononi, anapunguza mlango kwa chini. Haikuwa mara ya kwanza. Kila alipoupunguza ulifunguka vizuri kwa muda, kisha ukakwama tena, nasi tukarudi kuingia kwetu kwa kuusukuma kwa bega kama wezi.

Tulikuwa vijana, tumerudi juzijuzi kutoka Karagwe. Tulijenga bondeni, chini ya mtaa wa Remera hapa Kigali, pembeni mwa kinamasi, kwa kuwa palikuwa karibu na kila kitu. Maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Baba yako hakupenda kubeba madumu, basi akachimba kisima na kufunga pampu. Maji yakatoka mengi, safi. Usimwone alivyo mpole leo. Siku hizo alitembea mtaani kama gavana. Majirani nao wakachimba, na haikupita muda bonde zima likawa linanguruma pampu toka alfajiri.

Siku hiyo ya mlango, bibi yako, mama yake Faustini, alikuja kutusalimia. Akakaa, akamtazama mwanawe akiranda, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Faustini, huo mlango una kosa gani?"

"Mbao, Mama. Imevimba."

"Kiangazi hiki? Imevimba kwa maji gani?"

Baba yako akaendelea kuranda. Bibi akaigonga sakafu kwa fimbo. "Nyumba inashuka. Hapa chini ni tope na maji tu. Mnayanyonya maji, tope linanywea. Zima pampu, uwaite na jirani zako mzungumze."

"Nikizima mimi, wao watazima?"

"Nenda ukawaulize!"

Hakwenda. Nilimsihi, nikanuna, nikasusa hata kupika, hakwenda. Aliziba nyufa za ukutani kwa saruji, akapaka rangi juu. Kisima kilipoanza kutoa matope, akasema dawa ni kuchimba zaidi, akachimba zaidi. Majirani nao hivyo hivyo, maana kila mmoja aliogopa mwenzake asije akayamaliza maji.

Kisha mchana mmoja nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo, wewe mgongoni. Nikasikia kishindo. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeangukia ndani, kitanda chako kimefunikwa na matofali. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimekuinua pale kwa sababu tu ulikuwa unalia. Baba yako alipofika alinikuta nimekaa chini. Akakitazama kile kitanda. Akaenda akazima pampu, halafu akagonga nyumba baada ya nyumba kuwaomba watu. Wachache walimsikiliza. Waliobaki waliendelea kuvuta mpaka visima vikakauka na kuta zikapasuka, wakahama kama sisi, magodoro kichwani. Leo pale pana majani na ndege.

Sasa nasikia umepata kiwanja pembeni mwa kinamasi, na mwenye mashine ya kuchimba umeshamwita. Wewe! Jamani, nimwambie nani basi, kama wewe huambiliki? Unanijibu eti mashine za siku hizi ni za kisasa. Mashine ya kisasa, sawa. Na tope, lenyewe limesoma wapi?

Nisikilize, na hiyo simu uiweke chini. Usijenge kabla hujajua nyumba itakaa juu ya nini; kaulize wanaopima ardhi, hata kama jibu litakukera. Mvua ikinyesha Kigali, maji yanapita juu ya paa lako yanakimbilia mtaroni, nawe unakwenda kuyatafuta chini ya ardhi! Weka mifereji na tangi. Kama kisima hakina budi, kaeni na majirani mkubaliane kiasi cha kuvuta, na maji yakishuka mkipumzishe. Mji huu unajaa watu kila siku. Maji ya chini si ya mwenye kiwanja peke yake, na wanao watayahitaji wakati mimi na wewe hatupo.

Mungu akupe nyumba itakayosimama, akupe majirani wanaosikilizana, na kizazi chako kisikose maji ya kunywa. Amina. Haya, ichukue sasa hiyo simu, umpigie yule wa mashine nikiwa nasikia.