Kadi Mbili za Fundi Liao

Katika soko la kompyuta la Guanghua, jijini Taipei, aliyetaka kompyuta ya gemu yenye kadi mbili za grafiki alikwenda kwa Liao Kun-hsien, basi. Kwa miaka kumi na tano alizifunga mbilimbili, akiziunganisha kwa kidaraja kidogo, ili moja ichore picha hii na ya pili ichore inayofuata, gemu iende kasi. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Kisha watengenezaji wa gemu wakaacha kuzijali kadi mbili, wateja wakapukutika, akabaki Dada Peng, mwenye ukumbi wa gemu. Naye alisema wazi: gemu mpya ikienda vizuri kwenye mashine ya Liao, atamwagiza amfungie mashine za ukumbi mzima. Isipoenda, asimtarajie tena.

Liao akaijaribu gemu. Ikasuasua. Akabadilisha kebo, akabadilisha kidaraja, wapi! Mtu mwingine angesoma maelezo ya gemu. Liao, kama sisi sote pale sokoni, alitazama juu ya mashine, ilipokaa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, ile tunayoweka ili mashine iwe na adabu. Lo! Tarehe yake imepita, na pakiti iliyopitwa, twaamini, hufanya mashine igome. Alifurahi, maskini, kama aliyepona homa. Akakimbia kununua mpya, akaiweka kwa mikono miwili, na hakugusa kingine.

Dada Peng akaja Jumamosi mchana, chai ya maziwa mkononi.

"Fundi, leo unanionyesha kitu au unanipiga porojo?"

"Kaa vizuri, dada. Usije ukaanguka na chai yako."

Gemu ikafunguka, ikasuasua vilevile. Dada Peng akainama, akapeleka kiganja kwenye kadi ya juu, akakirudisha haraka. Akagusa ya chini.

"Hii mbona baridi?"

"Inachelewa kupata joto."

"Acha utani wewe. Hii imelala. Hebu itoe."

"Dada..."

"Itoe tu, tuone."

Liao alikuwa amefunga na kufungua kadi kama ile mara mamia, lakini siku hiyo parafujo ilimponyoka mara mbili. Aliitoa, akabaki ameishika, hajui aiweke wapi. Akawasha mashine.

Gemu ikateleza. Kadi iliyobaki sasa ilipata hewa.

"Kumbe ilikuwa inamziba pumzi mwenzake," Dada Peng akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi.

Liao akawakumbuka watu wa miaka ya karibuni waliobeba mashine zake kwenda nazo kwao, wakimshukuru, kadi ya pili imelala ndani. Moyo ukamfa kabisa.

"Basi nitakufungia zenye kadi mojamoja," akasema harakaharaka. "Ukumbi mzima, dada. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Dada Peng akamtazama kwa huruma.

"Moja, fundi? Moja hata mimi nafunga."