Tunda la Yago Lililozikwa kwa Jina Langu

Mimi sikusahauliwa na watu wangu. Nilizikwa. Hao vijana wa Migori wanaonikuta naota jua na kuniita "Sajini" kwa utani, hiyo tofauti hawaijui, na sina nguvu za kuwaeleza.

Nilijiunga na jeshi la Mwingereza nikiwa kijana, nikapelekwa misitu ya Malaya, nikarudi salama. Uhuru ulipokuja nikachaguliwa kwenye kikosi cha watu wachache, cha kuruka kwa miamvuli na kufuata nyayo za adui siku nyingi bila kuonekana. Tukapelekwa Kaskazini, kwenye vita vya mpakani. Huko nilipata nishani, mkubwa mmoja akanipa mkono. Msiniulize nilifanya nini. Nililala na kiu, niliua, nilizika wenzangu, basi.

Amri ilikuwa hiyo hiyo kwa wote: hakuna barua nyumbani. Wenzangu walimpa dereva wa lori karatasi kisirisiri, zikafika. Mimi nikajifanya askari wa kweli. Miaka mitatu sikuandika hata mstari mmoja, na ujinga huo ni wangu, simsingizii mtu.

Kwetu ni ukingoni mwa bonde la Lambwe. Askari mmoja wa upande ule alikuja likizo, akaulizwa habari zangu sokoni, akasema kambi yetu ilivamiwa na tangu siku hiyo hakuniona. Baba akangoja mavuno mawili. Kisha watoto wa ndugu yangu wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine, wazee wakasema ni mimi ninayewasumbua kwa kukosa kaburi. Sisi Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika tunda la yago badala yake, lile refu na zito, linalazwa shimoni kama mtu. Wakanizika hivyo ndani ya boma. Wakanyoa nywele. Mama akalia mpaka sauti ikakauka. Watoto nao wakapona, ati.

Na mimi huyo, nimemaliza kazi ya jeshi, nashuka Homa Bay na nishani kifuani na blanketi nililomnunulia mama begani! Nikapanda kwetu kwa miguu. Wa kwanza kuniona alikuwa shangazi, akatupa mtungi wa maji akakimbia akipiga mayowe. Baba akaja hadi langoni na ndugu zake wawili. Hakunipa mkono.

"Usipite hapo," akasema. "Tumeshakuzika."

"Baba, si mimi huyu? Nishike!"

"Nakuona. Ukikanyaga humu utakufa kweli, na utaondoka na wengine. Nenda, mwanangu. Mama yako asikuone."

Yawa! Nilimtukana baba yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nikamwita mama kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Walikuwa wamemfungia ndani, wanawake wakamwimbia nyimbo za kanisa kwa nguvu ili asisikie. Blanketi nililiacha langoni, nikaja kuambiwa kwamba lilichomwa.

Nikapanga chumba Migori, nikawa mlinzi wa ghala la pamba. Nilitaka kitu kimoja tu: mama anione, anishike uso, ajue mwanawe yu hai. Nilimtuma mwalimu wa kanisa kwa wazee mara mbili, akarudi akikuna kichwa. Mama hawakumwambia lolote.

Halafu dada yangu akaniletea habari. Mama ana malale, ule ugonjwa wa mbung'o wa Lambwe, amelazwa Homa Bay. Lakini sindano zinamsaidia, ameanza kula. Nilifurahi. Ndiyo, mama mgonjwa na mimi nafurahi, kwa sababu hospitali haina lango la baba.

Nikapiga sare pasi, nikaenda. Dada alinishika mkono mlangoni. "Ngoja kwanza nimwandae," akaniambia. Ningoje nini tena, na nimengoja miaka? Nikampita.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Mama akafumbua macho, akanitazama muda mrefu, akanyoosha mkono akanishika shavu. Akatabasamu.

"Nyathina," akasema, "mwanangu, kumbe nimeshafika. Na wala haikuuma."

"Mama, mimi ni mzima. Sikufa."

"Ehe, mwanangu. Huku nani anakufa?"

Nilimweleza. Dada akamweleza, muuguzi akamweleza. Alituitikia wote kwa upole. Jioni uji ulipoletwa akafunga midomo, akasema apewe mgonjwa, yeye safari yake imekwisha. Sindano nayo akaisukuma. Nilimbembeleza, nililia, nilimkaripia kama kuruta. Alinipangusa machozi.

Siku tatu alizobakiza hakuniachia mkono, isipokuwa pale aliponituma nikamwite marehemu mama yake.